Chuo bila kukesha inawezekana kweli? Nina baipola, nimerudi darasani. Wa Mtwara na Lindi njooni hapa

#1 Dogo wa Chuno

Wakuu habari za usiku. Saa mbili na nusu hii, dawa nishameza, nina kama dakika arobaini kabla haijanizima, kwa hiyo nikikatikia katikati mjue ndo hivyo.

Mi ni mwanachuo hapa Mtwara, chuo chenyewe sitaji na msije PM kunichimba. Nasoma digrii mwaka wa pili ila wale nilioanza nao wako wa tatu, mwaka mmoja wangu uliliwa na ugonjwa. Hospitali wameandika baipola. Kwa wasioujua ni ule kuna kipindi mtu anapanda, anakuwa na nguvu za ajabu, halali, anaongea kama redio, mipango mia kidogo, halafu kuna kipindi anashuka, kitanda kinamshika, hata kubeba ndoo kwenda bafuni anaona safari.

Ilivyoanza sasa. Mwaka wa kwanza semista ya pili, wiki mbili kabla ya UE, yaani mitihani ya mwisho wa semista. Mnajua chuo tena, kile kipindi hakuna anayelala. Geto letu tulikuwa watano, tuna madesa, zile notsi za kurithishana, tuna jagi la kahawa nyeusi na zile enaji za mia tano. Usiku wa kwanza nimelala masaa mawili, wa pili saa moja, wa tatu sijalala kabisa na wala sikusikia usingizi, wenzangu wanasinzia juu ya vitabu mi ndo kwanza nachanganya, nikawa nawaona wazembe. Usiku wa nne nilikuwa naelewa kila kitu. Nakwambia kila kitu. Takwimu iliyonishinda semista nzima nikawa naiona inahusiana na bei ya korosho, na bei ya korosho inahusiana na namba za magari yanayopita pale barabarani. Niliandika kaunta buku la kwaya tatu likajaa. Nimekuja kulisoma baadaye nikiwa mzima, ukurasa wa kwanza ni takwimu kweli, na swali moja nimepatia kabisa, ila ukifika wa ishirini ni mishale mitupu na jina la mama.

Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa limeingia wiki hiyo. Lilikaa siku mbili. Nilinunua simu mbili, moja nikampa bodaboda nisiyemjua, nikawalipia wali kuku watu wote waliokuwa kwa mama ntilie, nikanunua viatu jozi nne na moja haikuwa hata saizi yangu. Halafu saa nane usiku nikatoka Chuno kwa miguu mpaka Mikindani, pale kuna kama kilomita kumi, nikakaa ufukweni nasubiri kuchele. Wasio wa huku, kuchele ni kumekucha kwa Kimakonde, ndo hiyo mnayosikia Mtwara Kuchele. Basi kuchele ilinikuta nahutubia wavuvi, nawaambia nafungua kampuni ya kununua korosho bila mnada. Mzee mmoja aliniuliza tu, mwanangu umekula? Huyo mzee nikimkumbuka mpaka leo machozi yananilenga.

Asubuhi hiyohiyo nikaingia kipindi nikamnyang'anya lekcha maka peni. Hapo ndo waliporekodi. Video ikazunguka magrupu yote, ikafika na nyumbani.

Kwetu mjomba ndo msemaji wa mwisho. Mama alitaka hospitali, mjomba akasema hapana, kijana kachezewa, watu wameona anasoma. Nikapelekwa Tandahimba ndanindani kwa mtaalamu, wiki tatu, hizo sielezi. Nilipofikishwa hospitali nilikuwa mifupa. Nikachomwa sindano nikalala, nikaja kuamka shingo imekaza inaangalia dirishani haigeuki, wakaniongezea kidonge ikalegea. Akili ikaanza kurudi mdogomdogo. Na akili ikirudi ndo aibu nayo inaingia.

UE zilishapita. Chuoni nimesomeka mtoro, na zile wiki tatu sina karatasi hata moja, mganga hatoi cheti. Nikaambiwa nimedisko, yaani nimeondolewa chuo. Mama akapanda gari kutoka Newala, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi siku mbili na mfuko wake wa makaratasi, siku ya tatu mwalimu mmoja wa kike akamuuliza mama wewe unamsubiri nani? Ndo huyo aliyetuandikisha barua, ikaambatanishwa na ya daktari, ikageuzwa nikawa nimeahirisha mwaka.

Sasa nimerudi. Daktari aliniambia kitu kimoja nimekishika, wewe usingizi ndo dawa yako namba moja, vidonge namba mbili. Sawa, ila chuo kinaendeshwa kwa kukesha jamani. Diskasheni saa nne usiku. Chumba tuko wanne taa inazimwa saa tisa. Mi dawa inanizima saa tatu, na kipindi cha saa moja asubuhi nakaa kama nimemwagiwa uji kichwani. Test ya kwanza nimepata 9 kati ya 20. Rumeti zangu wa sasa hawajui chochote, wanadhani mi mvivu, wameshanipa jina la Mzee wa Godoro.

Maswali yangu. Niwaambie? Na je nikiacha dawa wiki ya mitihani tu, nikishamaliza UE narudia, kuna shida? Hili ndo linanizunguka kichwani mana nilikuwa nafikiria nianze kupunguza kuanzia wiki ijayo ila naogopa na kumuuliza dakt nawasilisha macho yanafu

#2 Mpiga Ngalawa

Hahaha dogo kazimika kweli. Siti ya mbele, nasubiri wataalamu.

#3 Kibanguo

Acha bangi dogo. Baipola ni magonjwa ya wazungu wenye muda. Sie tumesoma kwa koroboi, mihogo asubuhi mihogo jioni, hakuna aliyepanda wala kushuka. Vijana wa bumu mmelegea.

#4 Sista Mstaafu

Kibanguo, mimi nimefanya uuguzi wa akili, nilisomea Mirembe pale Dodoma, nimezunguka na kusini hii yote. Hao unaosema hawakuwepo enzi za koroboi nimewafungua kamba mikononi kwa mikono yangu hii. Walikuwepo, mlikuwa mnawaweka banda la nyuma na wageni wakija mnasema yule kasafiri.

Dogo wa Chuno mwanangu, nakujibu la dawa kwanza mana ndo la haraka. USIACHE. Dawa za kutuliza kupanda na kushuka huwa haziachwi ghafla, ukikata wiki ya mitihani ndo unaikaribisha ileile shughuli ya Mikindani, na safari hii inaweza kukukutia ndani ya chumba cha mtihani. Nimeona watoto wazuri kabisa wanarudishwa wodini kila msimu wa mitihani, hadithi moja: nilikuwa mzima nikaona niache kidogo nisome.

Hilo la uji kichwani linatibika na wala halihitaji ujanja. Nenda kliniki ukamwambie daktari hivyohivyo ulivyoandika hapa, saa moja asubuhi nakuwa hivi. Yeye anaweza kusogeza muda, ukameza saa kumi na mbili jioni badala ya saa mbili, au akapunguza cha mchana akaongeza cha usiku, au akabadilisha dawa kabisa. Hao madaktari hawajui una kipindi saa moja. Wanajua mgonjwa katulia, wanaandika anaendelea vizuri, wanaita mwingine. Sema.

Na enaji acha, na kahawa baada ya mchana acha. Kama dawa yako ni kabamazepini, wengi mnaiita Tegretol, ukiona vipele au vidonda mdomoni hasa miezi ya mwanzo kimbia hospitali hapohapo usisubiri tarehe ya kliniki. Na wasichana mnaosoma hapa, hiyohiyo inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti pia, wengi hawaambiwi. Valproeti nayo mwanamke anayeweza kushika mimba aiulizie mapema kabla hajaanza, ina madhara kwa mtoto tumboni.

Ile ya shingo kukaza ni sindano, inajulikana, na kidonge walichokupa bila shaka ni benzeksoli. Hukulogwa.

#5 Mzee wa Feri

Shikamoo Sista. Mi nina mdogo wangu ana hiyohiyo, yuko Ruangwa ana duka lake na watoto watatu, ukimuona huwezi jua. Kitu kimoja alichotusaidia mwenyewe: hela. Alisema mkiona nagawa hela ninyang'anyeni simu. Dogo, bumu likiingia siku hiyohiyo mrushie mama nusu, akuletee kidogokidogo kila wiki. Ukipanda ukute mia mbili ya vocha tu. Utanunua nini na mia mbili.

#6 Binti Mtanda

Aisee huu uzi ningeupata mwaka juzi. Mimi niko Lindi, nasoma stashahada, nina sonona pamoja na ule wasiwasi wa kupitiliza, kwa hiyo mimi ni wa kushuka tu sijawahi kupanda, nakuonea wivu kidogo hata siku moja ya kuelewa takwimu 😂 natania.

Niseme la kukesha. Mimi nimeacha kukesha na sijafa. Ilikuwa hivi, usiku nikisoma nasoma ukurasa mmoja mara sita, moyo unaenda mbio nawaza nitafeli nawaza mama atasema nini mpaka inafika saa tisa sijaingiza kitu, ila nimekesha, na asubuhi najiambia nimejitahidi. Uongo mtupu. Nikaja kugundua nina masaa yangu mawili tu kwa siku ambayo kichwa kinakubali, baada ya swala ya alfajiri mpaka saa moja kasoro. Hosteli nzima imelala, kuna upepo wa bahari, taa ya ukumbini haina mtu. Hapo nasoma topiki moja. Sihesabu masaa, nahesabu topiki. Jioni sisomi kitu kipya, nachukua maswali ya miaka ya nyuma nayajibu kwa mdomo najirekodi kwenye simu, halafu kesho yake nikiwa nafua najisikiliza. Sauti yangu naichukia ila inaingia.

Prezentesheni zilikuwa zinaniua, mikono inatoka jasho, natapika kabisa. Daktari alinianzishia floksetini na akaniambia usitegemee wiki hii wala ijayo, nenda mpaka wiki ya nne ndo utaniambia. Wiki ya pili nilitaka kuzitupa chooni mana nilikuwa naona kichefuchefu tu. Ya tano nikajikuta nacheka kitu kwenye simu, nikashtuka, mana nilikuwa sijajisikia nacheka muda. Na prezentesheni nimepata dawa nyingine isiyouzwa duka la dawa: namfuata lekcha kabla namuomba nianze mimi. Kinachoniua sio kuongea, ni kusubiri zamu.

Kuhusu kuwaambia, mimi nilimwambia MMOJA. Sio chumba kizima. Nilimchagua yule ambaye hajawahi kuniletea umbea wa mtu mwingine, nikaona kama wa watu hanipi basi na wangu hataupeleka.

#7 Kibanguo

Sista nimekusoma. Sikuwa na maana mbaya.

#8 Mpiga Ngalawa

Binti hiyo ya kuchagua asiyeleta umbea naikopi, hata kwa kuoa inafaa.

#9 Mwalimu Mbuyuni

Habarini. Mimi nafundisha chuo, sio hicho cha dogo na sio mkoa huo kwa sasa ila ni mtu wa Masasi. Niongelee makaratasi, mana naona wanafunzi wengi wanaangushwa na makaratasi kuliko ugonjwa.

Kuna vitu vitatu mnavichanganya. Sapu ni pale umefanya mtihani ukafeli, unarudia, na vyuo vingi hata upasue namna gani unaandikiwa C basi. Speshali ni pale hukufanya mtihani kwa sababu inayokubalika, ugonjwa ukiwemo, na ukija kufanya unahesabiwa kama ndo mara yako ya kwanza, ukipata A ni A yako. Kuahirisha ni kusimamisha semista au mwaka. Mwanafunzi mgonjwa anajikokota kuingia mtihani hajalala siku tatu, anapata F, halafu ndo analeta cheti. Cheti cha nini sasa, ulishaingia ukasaini. Kama hali imeharibika kabla ya mtihani, peleka karatasi KABLA. Hata mtu mwingine akupelekee, CR yaani kiongozi wa darasa, dada yako, yeyote, ipigwe muhuri imepokelewa na ubaki na kopi. Ukishakaa kwenye kiti cha mtihani mlango wa speshali kwa kawaida umefungwa.

Pili, usisubiri uumwe. Mwanzo wa semista ukiwa mzima kabisa na akili zako, nenda kwa mlezi wa wanafunzi na barua ya daktari inayosema huyu anahudhuria kliniki na anaweza kuhitaji muda. Haihitaji kueleza kila kitu. Ikae kwenye faili lako. Siku ukiwa huko Mikindani unahutubia wavuvi, faili ndo litaongea badala yako.

Tatu wenye mkopo. Ukiahirisha, fedha za kujikimu zinasimama, na ukirudi haziji zenyewe kama mvua. Lazima afisa mikopo wa chuo awe na taarifa ya kuahirisha na baadaye barua ya kurejea, na majina yaende Bodi. Nimewahi kuwa na kijana karudi Oktoba akaja kuanza kupata hela Machi kwa sababu tu barua ililala kwenye trei. Alikuwa anakula mihogo mchana na maji.

Kila chuo kina prospektasi yake, kile kitabu mnachokifuta vumbi siku ya kusajiliwa mnakitupa. Fungua sehemu ya kuahirisha masomo, ni kurasa mbili tu.

#10 Mama Nachi

Samahanini naingilia uzi. Kijana wangu kidato cha sita amerudi nyumbani Nachingwea anasubiri chuo, wiki ya pili halali, anafagia uwanja saa tisa usiku, anasema ataenda Dodoma kuonana na mawaziri. Baba yake anasema ni furaha ya kumaliza shule. Hii ndo hiyo?

#11 Sista Mstaafu

Mama Nachi siwezi kusema ndo hiyo kwa kusoma hapa, lakini wiki mbili halali sio furaha. Mpeleke hospitali ya wilaya kesho asubuhi, usimwambie unampeleka kwa sababu ya akili mtagombana njiani, mwambie unataka akapimwe kwa ajili ya kukosa usingizi, na wala sio uongo. Ikihitajika watawapa rufaa, kwa Lindi ni Sokoine, kwa Mtwara ni Ligula. Ukifika ulizia kitengo cha afya ya akili usikae foleni ya malaria, ila malaria na sukari nazo wapime mana vinaweza kumchanganya mtu vilevile. Usimfunge, usibishane naye kuhusu mawaziri.

#12 Ustadh wa Magengeni

Assalam aleykum. Dogo, mimi husomea watu, na nakwambia kweli kwa Mungu, ruqya, yaani kisomo cha mgonjwa, haijawahi kukataza kidonge. Anayekwambia tupa dawa ndo nikusomee huyo anataka kuku wako. Dua soma, dawa meza.

Nakuja kwenye Ramadhani mana najua itakusumbua. Usiku unakatika, tarawehe, daku, usingizi vipande vipande. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kutofunga kwenye Kurani yenyewe, atalipa siku nyingine au atalisha masikini kama ugonjwa hauishi. Zungumza na daktari kwanza, akisema unaweza kufunga funga, akisema hapana usijitie ushujaa kwa sababu ya macho ya rumeti.

#13 Dogo wa Chuno

Nimeamka nimekuta kurasa mbili, asanteni sana wakuu, nilisinzia simu imeniangukia usoni.

Sista shikamoo. Nimekusoma mara tatu. Kiukweli nilishaanza kupunguza, siku mbili nilimeza nusu, sikutaka kusema. Nimerudia nzima jana. Kliniki yangu ni Alhamisi nitasema la saa moja asubuhi.

Mzee wa Feri hela nimekubali, ila mama akishika hela yangu msimu huu itaishia kwenye vibarua wa kuokota korosho 😂

Mwalimu umeniacha mdomo wazi. Mi nilijua speshali na sapu ni kitu kimoja. Yaani mwaka juzi angekuwepo mtu wa kupeleka karatasi moja tu nisingepoteza mwaka mzima. Inauma ila sawa.

Kitu kingine sijasema, hii dawa inanipa njaa ya kutisha, saa tano asubuhi naweza kula sahani mbili na bado. Nimeongezeka kilo nane. Bajeti ya bumu haimudu. Sasa hivi napita pale stendi nanunua ming'oko, vile viazi pori vya huku, ya buku natafuna kwenye kipindi kama mbuzi.

#14 Binti Mtanda

Ming'oko kwenye lekcha room 😂😂 harufu yote hiyo?

#15 Mpita Njia 7

Sijawahi komenti humu, huwa nasoma tu. Nimesoma uzi mzima. Mi niko mwaka wa mwisho, nimefeli masomo manne, nyumbani hawajui. Sina wa kumwambia. Siku hizi nikilala naomba tu nisiamke. Endeleeni, mnasaidia watu.

#16 Binti Mtanda

@Mpita Njia 7 usiondoke. Mi hiyo dua ya kutoamka nimeiomba miezi mitano, najua ladha yake. Nimekutumia PM, jibu hata nukta.

#17 Sista Mstaafu

Mpita Njia, nakuuliza waziwazi kama ninavyouliza wodini, umefikiria kujidhuru? Kama ndiyo, usiku huu usilale peke yako. Gonga mlango wa jirani, mwambie sijisikii vizuri naomba nikae hapa, haina haja ya kueleza zaidi. Mapokezi ya dharura hospitali ya mkoa hayafungwi, nenda hata saa nane usiku. Na namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure kupiga. Masomo manne yanazungumzika, Mwalimu huyo hapo juu atakwambia. Tuandikie.

#18 Mwalimu Mbuyuni

Yanazungumzika kabisa. Nimeona waliofeli zaidi ya hayo wakamaliza. Kesho tukiongea nitakuuliza ni masomo gani, leo fanya alilosema Sista.

#19 Mpita Njia 7

.

#20 Binti Mtanda

Amejibu PM. Tunaongea. Yuko kwa jirani yake. Msimuulize maswali hapa.

#21 Kibanguo

Alhamdulillah.

#22 Dogo wa Chuno

Wakuu narudi na mrejesho, wiki ya saba hii tangu nifungue uzi.

Daktari alisogeza dawa, nameza saa kumi na mbili na nusu jioni nikishakula, na akapunguza kile cha mchana. Wiki ya kwanza sikuona tofauti, ya pili uji ukaanza kushuka kichwani. Sio kwamba nimekuwa mwepesi kama zamani, hapana, saa moja asubuhi bado nachelewa kushika, ila saa tatu niko sawa. Nimemuomba CR anirekodie kile kipindi cha saa moja, hakuuliza kwa nini.

Barua kwa mlezi wa wanafunzi nimepeleka. Nilikaa kwenye lile benchi alilokaa mama. Yule mama ofisini kaisoma, kaniangalia, kagonga muhuri, kaniambia haya kijana nenda. Dakika tatu. Nilikuwa nimejiandaa kulia.

Rumeti nimemwambia mmoja, Binti Mtanda nimefuata kigezo chako. Tulikuwa tumeenda Msangamkuu Jumapili, kwenye kivuko wakati wa kurudi nikamwambia. Kakaa kimya mpaka tumeshuka. Halafu akasema, kumbe ile video ni wewe? Nikasema ndo mimi. Akasema mi niliifowadi mwaka ule, nilikuwa fomu siksi Songea, nikacheka sana. Tukatembea mpaka stendi ya bajaji hakuna anayeongea. Usiku wa siku hiyo nimerudi kutoka kuswali nakuta amefunga kanga kwenye nondo za kitanda changu pande zote, kanga ya mama yake, mwanga wa taa haunifikii tena. Wale wawili walipouliza akawaambia jamaa ana macho mabovu, na mimi nikaacha iwe hivyo.

Nimempa na orodha yangu nimeandika kwenye karatasi: nikilala chini ya masaa matano usiku mbili mfululizo, nikianza kuongea habari za kampuni, nikinunua viatu. Akasema vya saizi yako au yoyote.

Kusoma nimehamia alfajiri. Naamka saa kumi na moja, nawahi lile varanda la nyuma ya maktaba, mlinzi ashanizoea ananiachia kiti chake. Kwa hiyo kuchele naiona kila siku sasa, ila naiona nimelala masaa nane. Diskasheni za usiku nimejitoa, nimepata wenzangu wawili wa saa kumi jioni, mmoja ana mtoto mchanga na mwingine anauza chipsi usiku, na wao hawakeshi. Tuko watatu, kigrupu cha walioshindikana.

Test ya pili nimepata 13. Takwimu hiyohiyo. Sio kumi na nane ya wale wa kukesha ila ni 13.

Kilo hazijashuka. Ming'oko naendelea nayo, naitafunia nje ya darasa sasa.

Mjomba bado anaamini nimechezewa. Mnada wa juzi kamtumia mama elfu sabini akasema ya nauli ya kliniki ya yule mtoto.

Saa moja na nusu, macho yameanza. Kesho alfajiri nina maswali mawili ya regresheni.

#23 Mzee wa Feri

Lala Mzee wa Godoro.

#24 Mpita Njia 7

Hongera kwa 13 mkuu. Mi nimepanga kuonana na idara Jumatatu, Mwalimu kanisaidia barua.